HORACE MANN NA MTIHANI WA BOSTON WA MWAKA 1845

Jina la Horace Mann si geni kwa mwanachuo aliyekwisha kusoma historia ya elimu. Aghalabu hutajwa kwa mambo mawili: kwamba alipigania shule za msingi zilizo wazi kwa watoto wote katika jimbo la Massachusetts, nchini Marekani, na kwamba chini ya uongozi wake vilifunguliwa vyuo vya kwanza vya serikali vya kufundishia walimu katika nchi ile. Liko jambo la tatu ambalo halitajwi sana, ingawa linamhusu kila mwalimu aingiaye darasani. Mann na rafiki zake ndio waliosababisha shule kuu za mji mzima wa Boston zipewe mtihani mmoja wa maandishi, wenye maswali yale yale, kwa muda ule ule, na kusahihishwa kwa kipimo kimoja. Hayo yalikuwa mwaka 1845.

Mtihani ule ulileta aibu, hasira na mabishano makubwa. Lakini pia ulifumbua jambo ambalo lilikuwa limefichika kwa miaka mingi. Hivyo basi, tumeona ni vema kuyaeleza maisha ya mtu huyu kwa taratibu, ili tupate kuona alifikaje kwenye mtihani huo, alifanikiwa wapi, na alikwama wapi katika kuuunganisha mtihani na kujifunza kwa watoto darasani.

Utoto na masomo yake

Horace Mann alizaliwa tarehe 4 Mei, 1796, katika kijiji cha Franklin, Massachusetts. Wazazi wake walikuwa wakulima wa hali ya chini. Watoto wa nyumba ile walifanya kazi tangu wakiwa wadogo, shambani wakati wa kilimo, na nyumbani wakisuka mabua ya kutengenezea kofia ili kuongeza pato. Kwa sababu hiyo Mann hakupata shule zaidi ya majuma manane au kumi kwa mwaka mpaka alipofikia umri wa miaka kumi na mitano.

Hata hayo majuma machache hayakumfaa sana. Kazi ya mtoto darasani ilikuwa kukariri maneno ya kitabu na kuyatoa kama yalivyo mbele ya mwalimu. Mann alipokuwa mtu mzima alisema kwamba walimu wake walikuwa watu wema kwa tabia, lakini kazi ya kufundisha hawakuijua. Bahati yake ilikuwa kwamba kijiji kile kilipewa jina la Benjamin Franklin, na mzee huyo alikuwa amekiletea zawadi ya vitabu. Kijana Mann alivisoma vitabu vile kwa pupa, na hiyo ndiyo ikawa shule yake ya kweli.

Baba yake alifariki mwaka 1809. Mwaka uliofuata kaka yake, Stephen, alikufa maji siku ya Jumapili. Mchungaji wa kijiji alilitumia tukio lile kuwaonya vijana kwa habari za moto wa jehanamu, badala ya kumfariji mama aliyefiwa. Jambo hilo lilimchoma Mann moyoni, na tangu hapo hakupatana tena na mafundisho yaliyojengwa juu ya hofu. Wanachuo wakumbuke tukio hili, maana tutaona baadaye jinsi alivyopinga fimbo katika shule.

Alipofikia umri wa miaka ishirini alisaidiwa na mwalimu mmoja kujiandaa kwa muda wa miezi michache tu, akaingia Chuo cha Brown katika mji wa Providence, akamaliza mwaka 1819 akiwa juu ya wenzake wote. Kisha alisomea sheria, akawa wakili, na mwaka 1827 akachaguliwa kuingia katika Bunge la jimbo lake. Huko alijulikana kwa kutetea wanyonge; mathalani, alisimamia kujengwa kwa hospitali ya wagonjwa wa akili katika mji wa Worcester. Mkewe wa kwanza, Charlotte Messer, binti wa mkuu wa Chuo cha Brown, alifariki mwaka 1832, miaka miwili tu baada ya ndoa yao. Huzuni ile ilimwelemea kwa miaka mingi.

Kiongozi asiye na amri

Mwaka 1837 Bunge la Massachusetts liliunda Halmashauri ya Elimu ya jimbo. Wakati huo Mann alikuwa Rais wa Baraza la Seneti la jimbo, na watu wengi walimtazamia kupanda vyeo zaidi katika siasa. Lakini aliiacha njia hiyo akakubali kuwa Katibu wa kwanza wa Halmashauri, kwa mshahara wa dola 1,500 kwa mwaka. Wengi walimshangaa.

Ni lazima tuelewe vizuri kazi aliyopewa. Katibu hakuwa na uwezo wa kumwajiri wala kumfukuza mwalimu hata mmoja. Hakuweza kuiamuru kamati ya shule ya kijiji chochote inunue vitabu au itengeneze paa. Sheria ilimpa uwezo wa kukusanya habari za shule, kuzitangaza, na kushauri. Kwa maneno mengine, silaha yake pekee ilikuwa habari. Kiongozi wa namna hii hana budi kuthamini sana takwimu, kwa kuwa ndizo zinazomsemea pale ambapo hana amri. Jambo hili latusaidia kufahamu kwa nini baadaye alivutiwa mno na mtihani wenye majibu yanayoweza kuhesabiwa.

Mann alipanda farasi akazunguka jimbo zima. Alikuta majumba mabovu, baridi ikipenya ukutani, madawati yasiyo na mahali pa kuegemea, na walimu wasiopata mafunzo yoyote. Mwaka 1838 alianzisha jarida la shule za umma ili mawazo ya ufundishaji yawafikie walimu popote walipo. Na kila mwaka aliandika taarifa kwa Halmashauri. Zote pamoja zikawa kumi na mbili.

Taarifa yake ya pili, ya mwaka 1838, inatugusa hasa sisi walimu wa shule za msingi. Humo alishughulikia ufundishaji wa kusoma. Baada ya kukusanya habari kutoka katika kamati za shule za jimbo zima, alifikia hitimisho kwamba zaidi ya watoto kumi na mmoja katika kila kumi na wawili waliokuwa katika madarasa ya kusoma hawakufahamu maana ya maneno waliyoyasoma. Midomo ilitamka, macho yalifuata mistari, lakini akilini hamkuingia kitu. Mann alishawishika kwamba kosa lilikuwa katika njia ya kufundisha, iliyoanza na herufi tupu na kuendelea kwa kukariri, bila mtoto kuulizwa anaelewa nini.

Dawa aliyoiona ilikuwa kumfundisha mwalimu kwanza. Mwezi wa Julai, 1839, chuo cha kwanza cha ualimu cha serikali kilifunguliwa katika mji wa Lexington chini ya Cyrus Peirce. Siku ya kwanza walifika wanafunzi watatu tu, wote wasichana. Chuo cha pili kilifunguliwa Barre mwaka huo huo, na cha tatu Bridgewater mwaka 1840. Mwaka huo wa 1840 wapinzani walijaribu katika Bunge kuivunja Halmashauri na vyuo vyake, lakini walishindwa kwa kura.

Safari ya Ulaya na ugomvi na walimu wakuu

Mwezi wa Mei, 1843, Mann alimwoa Mary Peabody, naye akiwa mwalimu, na mara wakasafiri kwenda Ulaya kuzitazama shule. Walifuatana na rafiki yao Samuel Gridley Howe, mkuu wa shule ya vipofu ya Boston, pamoja na mke wake. Walipita Uingereza, Uskoti, Ireland, nchi za Wajerumani, Uholanzi, Ubelgiji na Ufaransa.

Shule zilizomvutia kuliko zote zilikuwa za Prussia. Huko aliona walimu wakifundisha wakiwa wamesimama katikati ya watoto, bila kitabu mkononi, wakiuliza, wakichora, wakionyesha vitu halisi, na kuyafuata majibu ya watoto kwa maswali mengine. Aidha, alieleza kwamba katika majuma yake ya kutembelea shule zile hakumwona mtoto akilizwa kwa fimbo. Haya yote aliyaandika katika taarifa yake ya saba, akiyalinganisha na hali ya shule za kwao.

Taarifa ile ilipochapishwa mwanzoni mwa mwaka 1844, walimu wakuu wa Boston waliipokea kwa uchungu. Shule za Boston zilikuwa fahari ya jimbo, na wao walijiona wametukanwa. Walimu wakuu 31 waliungana wakaandika kitabu kizima cha kumjibu. Walisema Katibu hajui darasa, amewatembelea Wajerumani kwa muda mfupi tu, na kwamba pasipo fimbo hakuna utii, na pasipo utii hakuna masomo. Mann akajibu kwa kitabu. Nao wakajibu tena. Naye akajibu mara ya pili. Maneno yalikuwa makali pande zote mbili.

Mabishano yale yalikuwa na kasoro moja kubwa. Kila upande ulisema watoto wa Boston wanajua, au hawajui, lakini hakuna aliyekuwa na ushahidi. Ukaguzi wa shule ulifanywa kwa mdomo. Wanakamati walifika siku ya maonyesho, mtoto mmoja akaulizwa swali moja, wa pili swali lingine, na mwalimu mwenyewe mara nyingi ndiye aliyechagua nani ajibu nini. Watoto hodari walijibu kwa sauti, wazazi wakapiga makofi, nishani zikatolewa, na wageni wakaenda zao. Mtoto aliyeketi nyuma hakuulizwa kitu.

Mtihani wa mwaka 1845

Howe alichaguliwa kuingia katika Kamati ya Shule ya Boston, na katika mwaka 1845 akawa miongoni mwa waliopewa kazi ya kuzikagua shule kuu za mji. Yeye na wenzake waliacha desturi ya zamani. Walichapisha maswali katika karatasi, yakiwa yametolewa katika masomo na vitabu vilivyokuwa vikitumika shuleni: historia, jiografia, sarufi, maana za maneno, hesabu, elimu ya nyota na elimu ya maumbile. Kwa kila somo mtoto alipewa muda wa saa moja kujibu kwa maandishi. Wakaguzi walikwenda upesi kutoka shule moja hadi nyingine, ili maswali yasiwafikie watoto kabla yao wenyewe hawajafika.

Waliofanya mtihani ni wanafunzi 530, na wote walitoka katika madarasa ya juu kabisa. Hawa hawakuwa watoto wa kawaida tu; walikuwa ndio mavuno bora ya kila shule. Majibu yaliyowezekana, yakihesabiwa yote pamoja, yalikuwa 57,873. Majibu sahihi yalikuwa 17,216, yaani chini kidogo ya thuluthi moja. Makosa ya alama za uandishi peke yake, kama vile nukta na mkato, yalifika 35,947.

Tarakimu hizi ziliushtua mji. Lakini jambo la kufundisha zaidi halikuwa katika jumla. Lilikuwa katika majibu ya swali moja moja. Tuchukue mfano mmoja wa historia. Watoto waliulizwa juu ya amri iliyotolewa wakati wa Rais Jefferson ya kuzuia meli za Marekani zisiende kufanya biashara katika nchi za nje. Watoto wengi waliweza kutaja ni lini amri ile ilitolewa. Lakini ni wachache tu kati yao waliojua kwamba jina la amri ile lina maana ya kuzuia meli bandarini. Na hao walikuwa watoto wa mji wa bandari, waliokuwa wakizitazama meli kila siku. Tarehe waliijua, kitu chenyewe hawakukijua. Hili lilikuwa ni lile lile Mann alilolisema mwaka 1838 juu ya kusoma bila kufahamu.

Mann aliyachapisha maswali, majedwali na maoni ya wakaguzi katika jarida lake, akaongeza sababu zake za kuusifu mtihani wa maandishi. Alisema hauna upendeleo, kwa kuwa watoto wote huulizwa jambo moja. Ni wa haki zaidi kwa mtoto mwenye haya, ambaye mbele ya wageni hupotewa na maneno. Mwalimu hawezi kumnong'oneza mtoto jibu. Hupima mambo mengi kwa muda mfupi, na huonyesha kama walimu wamefundisha kwa uaminifu. Tena huacha kumbukumbu ambayo kila mtu aweza kuitazama, na kila mtu aweza kujipimia kama maswali yalikuwa magumu au mepesi. Sababu hizi hata leo ni vigumu kuzipinga.

Mahali mtihani ulipokwama

Pamoja na hayo, tukitaka kuwa wakweli hatuna budi kuitazama na upande wa pili sura ya mtihani ule.

Kwanza, watoto wale hawakuwa wamezoea kujibu kwa maandishi. Kwa miaka yote walifundishwa kusema kwa mdomo yale waliyokariri. Siku moja wageni wakaingia, wakawapa karatasi, wakashika saa. Sehemu ya kushindwa kwao ilitokana na ugeni wa jambo lenyewe, si ujinga wa somo.

Pili, shule zililinganishwa kana kwamba zote zilikuwa katika hali moja. Shule ya Smith, iliyotengwa kwa ajili ya watoto Weusi, ilipata matokeo ya chini. Wakaguzi wenyewe walikiri kwamba watoto wale hawakutazamiwa na mwalimu wao kufanya mambo makubwa. Matokeo ya chini yalikuwa ushahidi juu ya yale waliyonyimwa watoto hao. Mtu aliyesoma tarakimu peke yake aliweza kudhani kuwa ni ushahidi juu ya akili zao, na hilo lingekuwa dhuluma.

Tatu, na hili ndilo kubwa, mtihani ulizaliwa ndani ya ugomvi. Walioutunga walikuwa marafiki wa Katibu, na waliopimwa walikuwa wanafunzi wa mahasimu wake. Matokeo yalipotoka yalitumiwa kuonyesha nani alikuwa na haki katika mabishano ya mwaka uliopita. Baadhi ya walimu wakuu waliondolewa katika vituo vyao. Katika hali hiyo walimu waliobaki hawakuwa na nafasi ya kuketi na yale majedwali na kuulizana ni somo gani lifundishwe upya na kwa njia ipi. Walishughulika kujikinga. Wakaguzi walikuwa wamefanya kazi nzuri ya kuonyesha, kwa kila swali na kwa kila shule, ni watoto wangapi walipata na wangapi walikosa. Hiyo ilikuwa hazina ya mwalimu. Lakini ililetwa mikononi mwake kama hati ya mashtaka, na mshtakiwa huisoma hati ya namna hiyo akitafuta namna ya kujitetea tu.

Hapa twaona jambo la kusikitisha katika maisha ya mtu huyu mwema. Yeye aliyepinga maisha yake yote kumfundisha mtoto kwa kumtisha, alishiriki katika kuwarekebisha walimu kwa kuwatisha. Hatusemi kwamba walimu wale walikuwa na haki ya kuficha udhaifu wa shule zao. Twasema tu kwamba kanuni aliyoitetea kwa watoto ilifaa pia kwa walimu wao.

Miaka yake ya mwisho

Mann aliacha ukatibu mwaka 1848, baada ya kuchaguliwa kuingia katika Bunge la Marekani kukijaza kiti cha marehemu John Quincy Adams. Huko alipigana kwa nguvu dhidi ya utumwa. Mwaka 1852 aligombea ugavana wa Massachusetts, akashindwa. Mwaka 1853 alikwenda Yellow Springs katika jimbo la Ohio kuwa mkuu wa kwanza wa Chuo cha Antioch. Chuo hicho kiliwapokea wanawake na wanaume kwa masharti sawa, na wanafunzi Weusi pia. Miongoni mwa walimu wake alikuwamo mpwa wake, Rebecca Pennell, aliyekuwa na cheo sawa na wenzake wanaume.

Katika chuo hicho Mann alionyesha tena imani yake ya zamani. Hakupenda wanafunzi washindanishwe kwa zawadi na sifa ili kila mmoja atamani kumwangusha mwenzake. Alitaka bidii itokane na kupenda elimu na kuwajibika. Kazi ilikuwa ngumu, fedha zilikuwa haba, na chuo kilielemewa na madeni. Afya yake iliharibika. Alifariki tarehe 2 Agosti, 1859, majuma machache baada ya kuwaaga wanafunzi waliomaliza mwaka ule, akazikwa Providence kando ya mkewe wa kwanza.

Mafunzo kwa mwalimu na mkuu wa shule

Mtihani wa maandishi ulienea baadaye katika miji mingi ya Marekani, na nchi nyingi leo zina mitihani ya pamoja ya namna yake. Mwalimu wa leo hawezi kuukwepa. Swali lake ni moja: aupokee vipi? Maisha ya Mann yanatupa mambo manne.

La kwanza ni kutazama swali moja moja kabla ya kutazama jumla. Tuchukue mfano wetu wenyewe. Tuseme darasa lina watoto 45, na katika mtihani wa hesabu wa wilaya waliulizwa wajumlishe nusu na theluthi. Watoto 12 wamepata jibu sahihi, yaani sehemu tano za sita. Mkuu wa shule akisoma jumla tu ataona kwamba swali hili lilikuwa gumu, akamwambia mwalimu aongeze mazoezi. Lakini mwalimu akiyafunua madaftari na karatasi ataona kwamba watoto 27 wameandika sehemu mbili za tano. Hao hawakubahatisha. Wamejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili, kwa utaratibu waliouamini. Watoto sita waliobaki wameacha wazi. Basi darasa hili lina makundi matatu yanayohitaji masomo matatu. Wale 27 hawahitaji mazoezi mengi ya aina ile ile, kwa kuwa watazidi kulizoea kosa. Wanahitaji kukunja karatasi, waikate nusu na theluthi, waone kwa macho kwamba sehemu mbili za tano ni ndogo kuliko nusu waliyoanza nayo, na kwa hiyo jibu lao haliwezekani.

La pili ni kutenganisha kujua tarehe na kujua jambo. Kila mwalimu atungapo swali la jaribio la juma, na aongeze lingine linalouliza maana au sababu. Akimwuliza mtoto mvua za masika hunyesha miezi gani, amwulize pia mkulima hufanya nini kabla hazijaanza, na kwa nini. Mtoto akipata la kwanza na kukosa la pili, mwalimu amekwisha kujua somo la kesho ni lipi.

La tatu ni kuuzoesha mtihani kabla haujaja, lakini bila kuligeuza darasa kuwa mahali pa mtihani. Watoto wa Boston walikwama kwa sababu karatasi ilikuwa ngeni kwao. Mtoto aliyezoea kuandika majibu yake mwenyewe, kwa sentensi kamili, katika masomo ya kila siku, haoni kitu kigeni siku ile. Mazoezi hayo ni sehemu ya kujifunza. Kukariri majibu ya mitihani iliyopita ni jambo jingine, nalo ni lile lile kosa la Boston likirudi kwa mlango wa nyuma: zamani watoto walikariri kitabu, sasa watakariri mtihani.

La nne linamhusu mkuu wa shule, na wanachuo wengi watakuwa wakuu wa shule siku moja. Matokeo yakifika, mkuu asiyabandike ukutani kwanza na kuita mkutano baadaye. Na aketi na walimu wake, karatasi zikiwa mezani, aanze na somo analolifundisha yeye mwenyewe, aonyeshe swali ambalo watoto wake wengi walikosa, na aseme atalifundishaje upya. Mwalimu akimwona mkuu wake akifanya hivyo, naye atafunua karatasi zake bila woga. Aidha, mkuu asilinganishe darasa lenye vitabu na lisilo navyo, wala shule ya watoto waliokula asubuhi na shule ya watoto walioshinda na njaa, kabla ya kutaja tofauti hizo waziwazi.

Majedwali ya mwaka 1845 yalionyesha barabara ni wapi watoto wa Boston hawakuelewa. Kazi iliyobaki, ya kuyapeleka yale majibu mpaka kwenye ubao wa darasa na kuyafanya somo la siku inayofuata, haikuweza kufanywa na Katibu wala na wakaguzi. Ilikuwa kazi ya mwalimu, na kazi ya mkuu wa shule ilikuwa kumpa mwalimu huyo utulivu na muda wa kuifanya.